Malezi ya Sikio: Ngoma, Sol-fa na Kompyuta katika Nchi ya Kilosa na Mikumi

Mtoto hulelewa kwa njia nyingi. Mkono wake hufundishwa jembe na kalamu. Ulimi wake hufundishwa maamkio na heshima. Jicho lake hufundishwa kusoma. Lakini sikio nalo lina malezi yake, na malezi hayo yana historia ambayo aghalabu huachwa nje ya vitabu. Katika insha hii tunakusudia kuieleza historia hiyo kwa kutazama sehemu moja ya nchi yetu, yaani Kilosa na Mikumi katika Mkoa wa Morogoro, na kuifikisha mpaka kwenye jambo ambalo sasa linabisha hodi katika shule zetu: kumfundisha mtoto kuunda sauti kwa kuiandikia kompyuta amri. Wako watakaoona kwamba jambo hili ni anasa, au kwamba ni la watoto wa miji mikubwa ya ng'ambo. Sisi twasema kwamba ni jambo la utamaduni, na kwamba tusipoliangalia mapema, litaamuliwa na wengine bila ya sisi kuulizwa.

Nchi na sauti zake

Kilosa ni mji uliokaa penye mto Mkondoa, chini ya milima ya Usagara na Ukaguru. Wenyeji wake wa asili ni Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama. Njia ya misafara ya karne ya 19 ilipita katika bonde hili kuelekea Ugogo na Unyamwezi, na reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikapita papo hapo. Mashamba ya mkonge ya Kilosa na Kimamba yaliwavuta vibarua kutoka pande nyingi za nchi, na kila kundi lilikuja na ngoma yake. Katika miaka ya 1960 lilikamilika tawi la reli litokalo Kilosa, likapita Mikumi, likaishia Kidatu. Mwaka 1964 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na barabara kuu iendayo Iringa na Zambia ikaipasua katikati. Mwaka 2024 treni ya umeme nayo ilianza kupita Kilosa, ndani ya mahandaki ya milima, ikielekea Dodoma.

Tumeyataja haya si kwa ajili ya jiografia tu. Mtoto wa nchi hii husikia mengi kabla ya kujua kusoma: honi ya treni, mlio wa malori, mto uliofurika wakati wa masika, ndovu waliokaribia mashamba ya kando ya hifadhi. Na mtoto huyu si msikilizaji tu. Anapotumwa shambani kuamia ndege, hupiga debe, hupiga mluzi, hutingisha kamba iliyofungwa makopo. Na asipobadilisha sauti zake, ndege humzoea, wakashuka na kula. Hapo amekwisha jifunza somo la kwanza la usanifu wa sauti, kwamba sauti huchaguliwa kwa kazi yake na kwa anayeisikia.

Shule ya kwanza

Shule ya kwanza ya sikio ilikuwa ngoma. Wahenga walisema kwamba ngoma ya watoto haikeshi, na wengi huichukua methali hiyo kuwa ni dharau. Lakini hata hiyo isiyokesha ilikuwa na kazi yake. Watoto walicheza kando ya ngoma ya wakubwa, kwa makopo na filimbi za mabua, wakiiga. Na katika kuiga walipata hesabu ya mapigo kabla ya kufundishwa hesabu ya namba. Anayepiga tatu na anayepiga nne huanza pamoja, huachana, kisha hukutana tena penye pigo la kumi na mbili. Mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi huliita jambo hilo Kigawe Kidogo cha Shirika, na hulifundisha ubaoni kwa taabu. Mtoto aliyekulia penye ngoma amelijua miguuni mwake.

Ngoma ilifundisha pia namna ya kuitengeneza sauti yenyewe. Ngozi huanikwa motoni ili ikaze na mlio upande. Mpigaji akipiga katikati hupata sauti nzito, akipiga ukingoni hupata kali. Majirani wa Kilosa upande wa magharibi, yaani Wagogo, wanao ustadi ambao ulimwengu umeusifu. Katika ilimba, vijiti vya chuma husukumwa ndani au kuvutwa nje ili kupata sauti itakiwayo; na katika kisanduku chake hutobolewa tundu linalofunikwa kwa utando wa mayai ya buibui, ili kila sauti itoke na mvumo wake. Mtu asiyejua ataudhani mvumo ule ni kasoro. Kumbe ulitafutwa kwa makusudi. Bila ya huo, ilimba ni kana kwamba chakula kisicho chumvi.

Katika jando na unyago, nyimbo zilibeba mafunzo mazito ya utu uzima. Mtaalamu T. O. Beidelman, aliyeishi Ukaguru tangu mwaka 1957, aliandika vitabu kadhaa juu ya watu hao, na kimoja chake cha mwaka 1997 chahusu jando na unyago wa Wakaguru pekee. Twataja hilo ili ieleweke kwamba muziki katika nchi hii haukuwa burudani tu. Ulikuwa mtaala, na baadhi ya masomo yake yalikuwa na mlango uliofungwa, ambao si kila mtu aliruhusiwa kuupita.

Herufi saba za misheni

Shule ya pili ililetwa na wamisheni. Chama cha Church Missionary Society kilifika Mpwapwa mwaka 1876, na muda mfupi baadaye kikawa na kituo Mamboya katika milima ya Ukaguru. Mmoja wa watu wake, J. T. Last, alitoa kitabu cha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Pamoja na alfabeti ya kusomea, misheni nyingi za Afrika Mashariki zilileta alfabeti ya kuimbia, ambayo ni ile sol-fa iliyoenezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19. Kwa herufi saba za do, re, mi, fa, so, la, ti, kwaya ya kijiji iliweza kujifunza wimbo ulioandikwa mbali, bila ya kuwa na kinanda na bila ya kumwona mtunzi.

Hatuna sababu ya kuikana faida hiyo. Sol-fa iliwapa wananchi wengi uwezo wa kuandika na kusoma muziki, na mpaka leo kwaya zetu zaitumia. Hata hivyo, kila maandishi huchukua kitu na kuacha kitu. Herufi zile zilipimwa kwa kinanda cha Ulaya. Sauti ya Kigogo iliyo kati ya herufi mbili haikuwa na pa kuandikwa; mvumo wa ilimba haukuwa na alama; mapigo yanayopishana yalinyooshwa yakafuata mguu mmoja. Mtoto aliyeimba kama babu yake aliambiwa kwamba anaimba vibaya. Hakuna aliyekusudia kuua ngoma kwa herufi saba, lakini chombo kikitumiwa bila ya kuulizwa kina mipaka gani, huwa mwalimu mkali kuliko mtu.

Uhuru na redio

Baada ya Uhuru jambo hili lilitazamwa upya. Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipoanzisha wizara ya utamaduni, alisikitika mbele ya Bunge kwamba wasomi wetu walikuwa wamefundishwa nyimbo na dansi za wageni huku hawazijui za kwao. Mwaka 1967 siasa ya Elimu ya Kujitegemea iliitaka shule ilingane na maisha ya jamii. Sisi tuliosoma shule ya msingi katika miaka iliyofuata twakumbuka mchakamchaka wa asubuhi, halaiki za sikukuu na vikundi vya ngoma vilivyoshindana wilayani. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981, mabingwa kama Hukwe Zawose, mzaliwa wa Ugogo aliyefariki mwaka 2003, walipata mahali pa kuwafundisha vijana rasmi.

Redio nayo ilikuwa shule. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na mwaka 1965 ikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Studio yake ndiyo iliyorekodi bendi za nchi hii kwa miongo mingi, zikiwamo zile zilizoupa mji wa Morogoro sifa kubwa: Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, na Morogoro Jazz iliyomlea Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979. Kijana wa Kilosa alijisikia jirani wa watu hao. Lakini redio ilikuwa na upungufu wake: mtoto alisikia, asiweze kujibu. Chombo cha kurekodi na kuchanganya sauti kilikaa mjini, mikononi mwa mafundi wachache. Tukawa taifa lenye wasikilizaji wengi na wasanifu wa sauti wachache mno.

Mashine ya hesabu yajifunza kuimba

Wakati huohuo, mashine nyingine ilikuwa inazaliwa ng'ambo. Mwaka 1957, katika maabara ya Bell huko Marekani, mhandisi Max Mathews aliandika programu iliyoifanya kompyuta itoe muziki wa sekunde 17. Mashine ile haikupulizwa wala haikupigwa. Ilipewa namba, na kila namba ikawa mtetemo. Tangu siku hiyo ilijulikana kwamba sauti yoyote inayoweza kuelezwa kwa hesabu inaweza kuundwa.

Hapa Tanzania kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, kwa kazi za hesabu za Serikali. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku, isipokuwa kwa idhini maalumu, na zuio hilo lilikuja kulegezwa kidogo kidogo mpaka miaka ya 1990. Kwa hiyo mashine iimbayo ilitufikia kwa mlango wa nyuma, yaani kwa vinanda vya umeme. Katika vinanda hivyo sauti zilikuwa zimekwisha tengenezwa kiwandani: ngoma za Marekani, fidla za Ulaya, kengele za Japani. Mpigaji alichagua kitufe, basi.

Lakini vijana wetu hawakukubali kuwa wachaguaji tu. Katika mitaa ya watu wa kipato kidogo ya Dar es Salaam, wapigaji wa mchiriku walichukua vinanda vidogo vya Casio, wakavipitisha katika vikuza sauti vikuukuu, wakaupata mlio mkali uliosikika juu ya ngoma za pwani. Baada yao wakaja watu wa singeli, walioikata sauti ndani ya kompyuta na kuikimbiza kwa mwendo usio kifani. Mwaka 2017 kazi zao zilitolewa Kampala katika albamu ya Sounds of Sisso, zikasikilizwa Ulaya. Watu hao hawakufundishwa na shule yoyote. Walifanya kwa kompyuta jambo lilelile alilolifanya Mgogo kwa utando wa buibui: walikataa sauti waliyopewa, wakaitafuta yao.

Mizani ya shairi na amri ya kompyuta

Sasa tueleze ni nini hasa anachofundishwa mtoto. Mwaka 2012, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Sam Aaron alitunga programu iitwayo Sonic Pi, ipatikanayo bure, kwa ajili ya kufundishia shuleni. Mwaka huohuo ilitoka kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyouzwa kwa dola 35. Mtoto huandika amri fupi: piga sauti namba 60, ngoja nusu ya pigo, piga namba 67, rudia. Kompyuta hutii papo hapo. Akibadilisha namba, husikia tofauti. Akikosea, husikia kosa lake, akalirekebisha mwenyewe.

Sisi watunzi wa mashairi hatuwezi kuliona jambo hili kuwa geni. Ubeti wa tarbia una mishororo minne. Kila mshororo una mizani 16, nane na nane. Vina vya kati na vya mwisho hufuata kanuni. Na kiitikio hurudi mwisho wa kila ubeti. Huo ni mpango wa kurudia, wenye hesabu na wenye nafasi ya kubadilika. Malenga aliyehesabu mizani kwa vidole alikuwa anaandika amri, na waliomwitikia ndio waliozitekeleza. Mtoto anayejua kwa nini shairi limepungua mizani ataelewa upesi kwa nini mapigo ya kompyuta yamepishana.

Baada ya mapigo huja sauti yenyewe. Mtoto hujifunza kwamba kila sauti ina kuzaliwa, kudumu na kufa. Ya ngoma huzaliwa ghafla na kufa upesi. Ya filimbi huzaliwa taratibu na kudumu kwa pumzi. Hujifunza kwamba mtetemo wa haraka hutoa sauti ya juu na wa polepole hutoa ya chini. Kwamba sauti inayoanza juu na kuporomoka kwa kasi hufanana na ngozi iliyopigwa. Haya ni fizikia, ni hisabati, na ni sanaa kwa pamoja, na yote husikika kwa sikio badala ya kukaririwa.

Na hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Uzi mmoja ukipigwa hautoi sauti moja; ndani yake mna nyingine nyembamba, zinazotetema mara mbili, mara tatu, mara nne ya ile ya msingi, na kuendelea. Wataalamu wa muziki, akiwamo Gerhard Kubik, wameonyesha kwamba ngazi ya sauti ya Wagogo yafuata sauti hizo za asili, tangu ya nne hadi ya tisa. Tukiipa ya nne namba 60, ya tano huwa karibu na 63.86, ya sita 67.02, ya saba 69.69, ya nane 72, na ya tisa 74.04. Kinanda kina 64, na kina 70. Hicho kilichomo katikati hakinacho. Kinanda hakiwezi, na sol-fa haikuweza. Lakini Sonic Pi hukubali namba yenye desimali. Mtoto akiandika 69.69, kompyuta huimba 69.69. Kwa mara ya kwanza tangu misheni zifungue shule katika milima hii, chombo cha kuandikia muziki kimepatikana kinachoweza kuipokea sauti ya wazee kama ilivyo.

Hatari na wajibu

Tumesema kinaweza; hatukusema kitafanya hivyo chenyewe. Kompyuta huja na mazoea ya waliyoiunda. Usipoiambia vingine, itakupa ngazi ya kinanda, mapigo manne manne na ngoma za studio za kigeni. Mtoto akifundishwa kubonyeza vilivyomo tu, yale ya herufi saba yatarudi, tena kwa nguvu zaidi, kwa kuwa kwaya iliimba Jumapili na simu huimba kutwa. Tofauti ya mtumiaji na msanifu ni kwamba msanifu hufungua kisanduku na kuuliza kila kitu kimewekwa na nani na kwa nini.

Yako pia mambo ya adabu. Hugh Tracey alirekodi ngoma za Tanganyika mwaka 1950, zikiwamo za Wagogo na Wahehe, na kazi yake imehifadhiwa Afrika Kusini. Nchi ya Kilosa haina budi kuwa na hazina yake, iliyokusanywa na watoto wake kwa idhini ya wazee wake. Lakini ziko ngoma za hadhara na ziko za faragha. Wimbo wa unyago si mali ya kutiwa katika mashine na kuchezwa barabarani. Mtoto anayefundishwa kurekodi sharti afundishwe kwanza kuomba, na kukubali akikataliwa.

Itaulizwa: fedha ziko wapi, na umeme je? Swali ni la haki, kwa sababu shule yenye upungufu wa madawati haiwezi kuanza na mashine. Jibu letu ni kwamba kazi hii haianzi na mashine. Huanza na debe, bua na makofi. Na kompyuta moja yenye spika moja, hata ikiwa kuukuu na bila ya intaneti, yatosha kikundi cha watoto wanaopokezana. Kinachohitajika zaidi ni mwalimu. Kilosa ina Chuo cha Ualimu Ilonga. Mikumi ina chuo cha ufundi cha VETA. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umelipa somo la Sanaa na Michezo nafasi katika shule za msingi. Iwapo mwalimu wa Ilonga, fundi wa Mikumi na mpiga ngoma wa Vidunda wataketi pamoja, kila mmoja akimpa mwenzake heshima yake, somo limekwisha anza.

Wala tusingoje sana. Wanaojua namna ya kukaza ngozi, na wanaojua ni mlio upi ulifaa kwa mavuno na upi kwa msiba, wanaondoka mmoja mmoja. Mzee akizikwa, hakuna desimali itakayoirudisha sauti ambayo hakuna aliyeisikia. Tukiwaacha watoto wa Kilosa na Mikumi wajifunze kompyuta kwanza na ngoma baadaye, hiyo baadaye haitakuwako. Yapasa vifuatane kwa utaratibu uliokuwapo tangu zamani: mtoto asikilize, aige, apige kwa mkono wake, kisha aandike alichokisikia, apime maandishi yake mbele ya aliyemfundisha, na mzee aseme kama mlio ule ni wenyewe au bado.

Ngoma ya watoto haikeshi, nasi hatuwaombi wakeshe. Twaomba iwepo, iwe yao, na apatikane mtu mzima wa kuketi karibu na kuisikiliza.